Jibu: 2F inapiga risasi kwenye karburata baada ya kurudisha delko

Ndugu, unasema ulitoa delko (kigawa-cheche cha bujii) ya Land Cruiser yako ya 2F, ile injini ya petroli ya silinda 6, kubadilisha mpira wa oili, na tangu uirudishe inapiga risasi kwenye karburata, yaani moto unalipuka kurudi nyuma, haiwaki. Karburata iache. Delko umeirudisha nusu mzunguko, nakaribia kuapa.

Krenki, shafti kuu ya injini, huzunguka mara 2 delko ikizunguka mara 1, ndiyo maana alama za taimingi hulingana hata silinda ya 1 ikiwa inatoa moshi badala ya kubana. Toa bujii ya mbele kabisa, ziba tundu kwa kidole, mwenzako azungushe injini polepole kwa spana. Upepo ukisukuma kidole, chungulia kidirisha cha flaiwili, lile gurudumu zito nyuma ya injini: kigoroli cha chuma kikifika kwenye ncha ya kielekezi, uko digrii 7 kabla ya pistoni kufika juu. Rota, kile kidole kinachozunguka ndani ya delko, iangalie waya wa silinda ya 1. Waya nyingine zifuate mwendo wa saa, 1-5-3-6-2-4.

Delko ikikataa kushuka mpaka chini usiigonge! Mkia wake unashikana na pampu ya oili. Geuza pampu kwa bisibisi ndefu. Meno nayo ni ya mshazari, rota hujipinda ikishuka. Mimi nilirudia mara 4, nikitukana.

Ikiwaka, maliza kwa taa ya taimingi, mpira wa vakyumu (kibomba cha upepo kinachoingia kwenye delko) umetolewa na kuzibwa. Kugeuza delko kinyume cha saa ni kuwahisha cheche. Huku Bukavu, mita kama 1,500 juu ya bahari, injini huvumilia digrii 2 zaidi. Ukipanda kilima ukasikia mlio kama misumari ikitikiswa ndani ya kopo, umezidisha, rudisha.