Kwa mnaochoma diski za harusi: deki haina kosa

Marahaba, wadogo zangu wa Mwanga, Gungu na Ujiji hapa Kigoma. Sasa vuteni stuli.

Mteja amechukua diski ya harusi ya bintiye, kapanda boti Kibirizi, kafika Kagunga, kakusanya majirani, kawasha sola. Deki inamwandikia "No Disc". Nauli ya kurudi kulalamika inazidi bei ya diski, kwa hiyo harudi. Anabaki huko anawasema. Na wachache wanaorudi mnawajibu kwamba deki zao ni mbovu. Wiki baada ya wiki jibu ni hilohilo, na karibu kila mara si kweli.

Filamu za watu siziongelei, hayo mtamalizana na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki. Naongelea harusi, send-off, kipaimara na mahafali: faili za video kwenye diski ya data, saa tano ndani ya DVD moja, badala ya DVD tatu za kawaida.

1. Jina la faili si kilichomo. AVI ni gunia tu, unaweza kutia mahindi au mawe. Kubadilisha .mp4 kuwa .avi kwa kubonyeza F2 ni kuandika "mahindi" juu ya gunia la mawe. Deki yenye alama ya DivX inajua njia ya zamani ya kubana video, MPEG-4 ya kina DivX na Xvid, pamoja na sauti ya MP3 au AC3. Kamera na simu za leo zinatoa H.264 au H.265 na sauti ya AAC, tena kwa upana wa nukta 1920 au zaidi. Deki inaishia 720 kwa 576. Lazima ubane upya: 720 kwa 400, fremu 25 kwa sekunde. Msiandike 405 eti ndiyo hesabu kamili, kwa sababu haigawanyiki kwa 16. Programu ya HandBrake iliacha kutoa AVI tangu 2009, msihangaike nayo. Mnaotumia FFmpeg, programu ya kuandikia amri, mstari ni huu:

ffmpeg -i harusi.mp4 -vf scale=720:400 -r 25 -c:v mpeg4 -vtag DX50 -b:v 1800k -c:a libmp3lame -b:a 128k -ac 2 -ar 48000 01_SENDOFF.avi

Hiyo -vtag msiisahau. Bila hiyo faili linagongwa mhuri wa FMP4, yaani jina la aina ya video, na deki nyingi zikiuona zinalikataa hata kama ndani kila kitu ni sawa. Video ya simu iliyopigwa wima iwekewe weusi pembeni kwanza, la sivyo bwana harusi anatoka mnene kama pipa.

2. Visanduku viwili vya Xvid. Hapa sisi wakubwa wenu tuna dhambi, na afadhali tuiseme wenyewe. Ukifungua mipangilio ya Xvid kwenye programu ya VirtualDub utakuta Quarter Pixel (Qpel) na Global Motion Compensation (GMC). Tulivitia tiki vyote viwili, kwa sababu faili lilipungua na picha ikabaki safi. Kwenye kompyuta ilikuwa asali. Tukabana harusi moja baada ya nyingine hivyohivyo, tukachoma, tukapokea hela.

Malalamiko yalipoanza hatukutazama tiki zetu. Tulilaumu diski za bei rahisi, tukabadili aina. Tukalaumu lenzi, tukawauzia watu diski za kusafishia. Tukalaumu umeme, maana Kigoma ya majenereta ya dizeli kila ubaya ulikuwa wa umeme. Tulithubutu hata kuwashauri watu wanunue deki mpya. Wakanunua, na diski ileile ikaganda palepale, bibi harusi anapogeuka kutazama kamera.

Hiyo "palepale" ndiyo ilikuwa dalili, nasi tulikuwa tunaambiwa kila siku na hatusikii. Lenzi chafu haina adabu hiyo: leo inakwama dakika ya 12, kesho ya 30. Diski ikiganda mahali pamoja kwenye deki mbili tofauti, na nakala ya pili nayo ikaganda hapohapo, kosa liko ndani ya faili. Na yetu iliganda kila mpiga picha alipozungusha au kuvuta kamera, kwa kuwa GMC inafanya kazi hapo hasa. Badala ya kueleza kila kipande cha picha kimehamia wapi, inaeleza picha nzima imesogea vipi, kwa kutumia pointi. Xvid inatumia pointi 3. Chipu nyingi za deki zinajua 1, nyingine hazijui hata hiyo. Quarter Pixel nayo inapima mwendo kwa robo ya nukta, hesabu inayoielemea chipu ndogo, na picha inavunjika vipande kama vigae. Kompyuta ina nguvu za kumeza yote hayo kimya, ndiyo maana ilitudanganya.

Dawa ya mkato hakuna. Programu ya MPEG4 Modifier inatenganisha fremu zilizofungashwa pamoja, lakini GMC na Qpel haiziondoi. Inabidi ubane upya, na ili picha isichakae urudi kwenye video ya kamera. Sisi video za kamera tulikuwa tumeshazifuta ili tupate nafasi. Familia zile zina harusi zinazoganda mpaka leo, na baadhi ya wazee wanaoonekana mle hawapo tena.

Sasa tiki zilezile zimerudi kwenye kompyuta zenu! Toeni. Kisha fungueni faili kwenye programu ya MediaInfo: mstari wa QPel usome "No", wa GMC usome "No warppoints".

3. Hesabu ya nafasi. DVD iliyoandikwa 4.7 GB kompyuta inaisoma 4.37, na hata hiyo msiijaze. Diski inaandikwa kutoka katikati kwenda nje, na ukingo wa nje ndiko makosa ya kuchoma na alama za vidole vinakokutana. Ndiyo maana sehemu ya mwisho ya sherehe hukwama wakati ya kwanza inakwenda vizuri. Ishieni 4,200 MB. Saa 5 ni sekunde 18,000, na MB moja ni kilobiti 8,389, kwa hiyo 4,200 mara 8,389 gawanya kwa 18,000 unapata kama kilobiti 1,950 kwa sekunde. Toa 128 za sauti, acha na akiba kidogo, ndiyo 1800 ya pale juu. Kateni faili la saa moja moja, kila moja kama 840 MB. Deki nyingine zikikutana na faili linalozidi GB 2 zinapotea njia.

4. Kufunga diski. Windows ikiuliza mtaitumiaje diski, kamwe msichague ile ya kufanana na flashi. Inaandika kwa mfumo ambao deki nyingi hazisomi, na huyo ndiye "No Disc" wa Kagunga. Tumieni programu ya ImgBurn, mchague mifumo ya ISO9660 na Joliet, mfunge diski kabisa. Kuchoma send-off Alhamisi halafu kuongeza harusi Jumapili kwenye diski ileile ni kumpa mteja send-off peke yake, kwa sababu deki nyingi zinasoma sesheni ya kwanza, yaani uchomaji wa kwanza, na kuridhika.

5. Mengineyo. Kasi 4x au 8x, hata foleni ikifika barabarani. Majina yaanze na namba, herufi za kawaida na mstari wa chini tu. Karatasi ya gundi juu ya diski ni marufuku, inaiyumbisha ikizunguka. Mteja akitaka flashi, iwe imefomatiwa kwa FAT32.

6. Kila kaunta iwe na deki moja nzee ya majaribio. Tia diski, nenda faili la mwisho, sogeza mpaka dakika tano za mwisho, kisha rudi mahali kamera inapozunguka ukumbi. Dakika tatu zinatosha, boti haijaondoka. Na hiyo deki msiipeleke kwa fundi ikabadilishwe lenzi. Uchovu wake ndio tunaoutaka.