Kompyuta za maktaba ya shule: mitandao ya kijamii tufungie au tuache wazi?

Mwalimu uliyeuliza kama kompyuta sita mlizopata maktabani zifungiwe Facebook na WhatsApp, hongera kwanza kwa kuzipata. Mimi ni mwalimu wa maktaba kwenye shule ya kata mkoani Tanga, mwaka wa tisa huu. Nimeshaacha wazi, nimeshafunga, na sasa nafanya hivi: wanafunzi wanaandika, ninayeposti ni mimi.

Tulipoacha wazi, bando la mwezi liliisha siku ya nne. Video za Facebook hujicheza zenyewe mtu akizipitia tu, na waliokuja kutafuta mitihani ya nyuma wakakuta intaneti haipo. Hilo ni dogo. Facebook na WhatsApp zinataka mtu awe ametimiza miaka 13, na kidato cha kwanza nilikuwa na watoto wa miaka 12. Mmoja alijaza mbele yangu kwamba amezaliwa 1995 ili aingie kwenye kundi letu la usomaji, nami nikanyamaza. Najuta mpaka leo, maana nilimruhusu mtoto adanganye ndani ya maktaba.

Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa picha. Binti wa kidato cha pili alikuwa ameazima vitabu vingi kuliko wenzake mwezi ule. Nikamposti kwenye ukurasa wa maktaba akiwa na sare yenye nembo ya shule, jina lake lote na darasa lake. Kesho yake mtu nisiyemjua akaandika inbox akiomba namba yake. Siku ya tatu mwanamume mtu mzima akafika getini akimuulizia kwa jina. Mlinzi, Mungu ambariki, alimzuia. Mama mtu alipokuja ofisini aliniuliza neno moja tu: "Mwalimu, nani alikuruhusu?" Sikuwa na jibu. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti, lakini hata kama isingekuwepo, yule mama alikuwa na haki. Tangu siku hiyo picha zetu zinaonyesha mikono na jalada la kitabu, basi.

Sasa kinachofanya kazi. Kila kitabu kinachotoka naweka ndani kikaratasi. Anayetaka anaandika mistari mitatu: kitabu kimemfanya nini, nani asikisome, ukurasa gani urudiwe. Jina haandiki. Kila Ijumaa nachagua vitatu, nachapa, naviweka kwenye chaneli ya WhatsApp ya maktaba. Nilianza na kundi la wazazi, likajaa michango ya harusi na ubishi wa mpira, na kila mtu alikuwa anaona namba ya mwenzake. Kwenye chaneli wafuatiliaji hawaonani namba, na anayeposti ni admini peke yake. Watoto wetu hawaruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo wanasoma jioni kwenye simu ya mama au ya shangazi, na mama naye anasoma.

Kuna riwaya ya upelelezi ilikaa kwenye rafu miaka mitatu bila kuguswa. Mtoto mmoja aliandika: "Usianze usiku, hutalala." Jumatatu nilikuwa na watu kumi na mmoja kwenye daftari wakisubiri zamu, na nakala tunazo mbili. Miaka yote niliyopiga kelele paredi asubuhi kuhusu faida za kusoma sijawahi kupata foleni ile.

Majina ya wanaodaiwa vitabu usiyaweke huko kamwe. Mtoto aliyeaibishwa mbele ya mtaa mzima harudishi kitabu, na maktaba haingii tena.

Kwa hiyo kompyuta tano fungia. Ya sita iwe mezani kwako, uunganishe WhatsApp kwa kuskani msimbo kwa simu ya maktaba. Laini isiwe yako binafsi. Mwalimu aliyenitangulia alihamishwa na ukurasa wa Facebook ukaondoka naye, kwa sababu ulifunguliwa kwa namba yake, na posti zote za wanafunzi zikabaki huko tusikoweza kuingia. Laini iwe mali ya shule, namba ya siri (PIN) ya WhatsApp hiyo iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa ofisini kwa mkuu wa shule, na ukiibadilisha, badilisha na bahasha siku hiyohiyo.