Baridi ya Minneapolis si ya Makete: jiandae Oktoba

Mdogo wangu, umeuliza kama aliyezoea sakitu ya Makete, kwetu nyanda za juu za Tanzania, ataiweza baridi ya Minneapolis huku Marekani. Ataiweza, ila si kwa mazoea. Makete sakitu ikianguka usiku, jua likipanda imeshayeyuka. Huku wastani wa joto la usiku wa Januari ni kama nyuzi 13 za Selsiasi chini ya sifuri, na wiki nzima inaweza kupita barafu ya nje isitoe hata tone. Anayeteseka zaidi ni yule aliyengoja theluji ndipo aanze kununua vitu. Maandalizi yanakula pesa, kwa hiyo waambie nyumbani mapema kwamba Oktoba na Novemba utatuma pungufu. Huo si uchoyo.

Anza na madirisha. Washa kijiti cha udi, kipitishe polepole kando ya fremu. Moshi ukiyumba, hapo ndipo joto unalolilipia linapotorokea. Madukani kuna paketi za plastiki nyembamba ya kuzibia. Futa fremu kwa spiriti, iache ikauke kabisa, zungushia utepe wa gundi wa pande mbili. Kata plastiki izidi kama sentimita 3 kila upande, ibandike ukianzia juu, kisha pitisha draya ya nywele taratibu mpaka mikunjo iishe na plastiki ikazike kama ngozi ya ngoma. Ikibanduka, mara nyingi fremu ilikuwa na vumbi au unyevu, au ilikuwa imeshapoa mno gundi ikakataa kushika. Ndiyo maana kazi hii haingoji Desemba.

Ukiwa mpangaji na joto liko mikononi mwa mwenye nyumba, sheria ya jimbo letu la Minnesota inamtaka atoe joto lisilopungua nyuzi 20, yaani Farenhaiti 68, kuanzia Oktoba 1 hadi Aprili 30. Likishuka, piga picha ya kipimajoto na umwandikie. Kama bili ni yako na imekushinda, pigia kampuni ya gesi au umeme mpange malipo. Kipindi hichohicho sheria inamkinga na kukatiwa yule aliyepanga malipo na anayeyatimiza. Ukinyamaza huna kinga hiyo.

Sasa jambo ninalokuomba kwa mikono miwili: jiko la mkaa lisiingie ndani, wala gereji, hata mlango wake ukiwa wazi. Nyumbani hewa inapenya chini ya bati. Huku nyumba imezibwa, na wewe mwenyewe umeongeza kuiziba. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa na injini, haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, tumbo linachafuka, usingizi unakujia, na huenda usiamke. King'ora chake kiwe ndani ya mita 3 kutoka kila chumba cha kulala, na ubonyeze kitufe cha kukijaribu kila mwezi. Gari nalo, theluji ikiziba ekzosi, ifukue kwanza ndipo uwashe injini.

Kwenye mavazi, kosa la wageni ni kuvaa soksi tatu ndani ya buti linalobana. Damu haipiti vizuri, na vidole vinapoa upesi kuliko vya aliyevaa soksi moja nene ya sufu kwenye buti lenye nafasi. Nguo inayogusa ngozi isiwe ya pamba, kwa sababu pamba hushika jasho, nalo litakupoza ukisimama kituoni kungoja basi. Upepo ukiifanya baridi ihisike kama nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 30. Watakwambia uangalie wekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi angalia kijivu, ugumu kama wa nta, na ganzi. Usisugue wala usiote moto, maana penye ganzi hutajua unaungua. Tia sehemu iliyoganda kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 37 hadi 39, kisha nenda hospitali.

Giza ndilo wengi hawalitarajii. Desemba jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi na kuzama saa kumi na nusu. Mwenye zamu ya mchana anaingia kazini gizani na kutoka gizani. Usingizi usioisha, hamu ya wanga, kukwepa simu: watu huita uvivu, wengine hudhani wamerogwa. Madaktari waliipa hali hiyo jina mwaka 1984, na ina tiba. Taa maalumu ya laksi 10,000 (laksi ni kipimo cha mwanga) hutumika dakika 20 hadi 30 kila asubuhi, ukianza kabla hujazama kwenye hali hiyo. Mwenye ugonjwa wa macho au historia ya bipola (ugonjwa wa akili wa hisia kupanda na kushuka mno) amuulize daktari kwanza. Pima na vitamini D. Jua la Januari huku halikupi, na ngozi nyeusi huitengeneza polepole zaidi.

Halafu simu. Saa za Marekani zikirudishwa nyuma Novemba, nyumbani wanakuwa mbele kwa saa 9. Ukitoka kazini saa kumi jioni, kule ni saa saba usiku, wamelala. Pangeni Jumamosi saa mbili asubuhi ya huku: kule ni saa kumi na moja jioni, mama yuko barazani.