DNS ikigoma majina ya nje, tazama saa kwanza

Juzi msomaji kaniandikia: seva yake ya DNS (mfumo unaogeuza majina kama ya tovuti kuwa anwani za IP) inajibu majina ya ndani ya mtandao wake bila shida, lakini ukiiuliza jina lolote la nje inarudisha SERVFAIL, yaani seva imeshindwa. Nikacheka peke yangu, kisha kicheko kikanikauka. Hilohilo liliwahi kunikesha ofisini.

Umeme ulikatika, seva ikawaka upya, na tangu hapo hakuna jina la nje lililopatikana. Nikavamia allow-recursion, kipengele cha nani aruhusiwe kuitafutisha seva majina ya nje, kwenye BIND, programu yangu ya DNS. Ovyo kabisa, maana mteja asiyeruhusiwa huambiwa REFUSED (amekataliwa), si SERVFAIL. Nikakagua kwenye fayawoli poti 53, mlango wa DNS, kwa UDP na TCP. Nikapakua upya orodha ya seva 13 za mzizi, ambako utafutaji wa majina huanzia. Nikapiga dig +trace (dig ni amri ya kuiuliza DNS), ikateremka vizuri kutoka mzizini hadi mwisho, nami nikajitapa kwamba seva ni nzima. Kumbe +trace huifanya safari hiyo yenyewe, hatua kwa hatua. Seva yako haijapimwa hapo.

Asubuhi bosi akatangaza mbele ya watu kwamba nimeharibu mipangilio. Kabla ya usiku ule sikuwa nimeigusa. Bado linaniuma, sifichi.

Kilichoniokoa ni dig +cd, inayoiambia seva iache kuhakiki saini za DNSSEC, zile zinazothibitisha kwamba jibu halijaghushiwa. Jibu likaja papo hapo! Basi njia ilikuwa wazi, aliyegoma ni mhakiki. Logi, yaani kumbukumbu za seva, nayo ilikuwa imesema tangu usiku: muda wa saini haujaanza. Nikaandika date, amri ya kuonyesha tarehe na saa, ikatoka 2015. Betri ya madabodi, inayotunza saa umeme ukikatika, ilikuwa imekufa. Kila saini ina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kwa seva iliyorudi 2015, hata saini za mzizi zilikuwa za siku ambazo hazijafika.

Mbona saa haikujirekebisha? Kwa sababu seva za NTP, zinazosahihisha saa kupitia mtandao, nilizitaja kwa majina. NTP inasubiri DNS, DNS inasubiri saa. Nikaiweka saa kwa mkono, nikaongeza seva ya NTP kwa anwani ya IP, na betri nikabadilisha.

Jamani, acheni kuparamia mipangilio kabla ya kusoma logi. Someni logi. Ukiulizwa na bosi, mwambie unasoma logi.

Nawe uliyeniandikia, piga date, halafu dig +cd ukiielekeza kwenye seva yako. Nayo ikikwama, hapo rudi kwenye fayawoli.