Gari Lako na Fundi: Faili la Texas kwa Subaru ya Athi River

SWALI: Mhariri, nimeagiza kutoka Japani Subaru WRX STI ya mwaka 2017, injini ya lita 2.0, giaboksi ya mkono. Nimekwisha kununua bomba pana la kuvutia hewa lenye chujio la wazi, pamoja na bomba la moshi la inchi tatu kuanzia kwenye turbo hadi nyuma. Rafiki yangu aliyeko Texas amenitumia faili la tyuni ambalo ameliweka kwenye STI yake na halijampa tatizo. Faili limeandikwa "93", na mhudumu wa kituo ninachojazia ananiambia petroli yake nayo ni 93. Ninaishi Athi River, ninafanya kazi Nairobi, na karibu kila mwezi ninateremka Mombasa. Nifunge nini kwanza, na nitegemee farasi wangapi? – *Msomaji, Athi River*

JIBU: Ndugu msomaji, faili hilo usilipakie kabisa, hata kwa kujaribu tu kutoka nyumbani hadi barabara kuu.

STI ya rafiki yako na ya kwako zinafanana mwili, lakini injini ni mbili tofauti. Iliyouzwa Marekani ina injini ya sentimita za ujazo 2,457, na turbo yake, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini, hupokea moshi huo kwa njia moja. Ya kwako, iliyotengenezwa kwa soko la Japani, ni ya sentimita za ujazo 1,994, huzunguka kwa kasi kubwa zaidi, na turbo yake hupokea moshi kwa njia mbili zilizotenganishwa. Faili la tyuni si kitu kingine ila majedwali ya namba yanayoiambia kompyuta ya injini imwage petroli kiasi gani, plagi zipige cheche nyuzi ngapi kabla ya pistoni kufika juu, na turbo iruhusiwe kusukuma kwa presha gani. Namba hizo zilipimwa kwa injini ile. Kuzipakia kwenye injini yako ni sawa na kumeza dawa ya jirani kwa sababu nyote wawili mnakohoa.

Hiyo 93 nayo imekuchanganya, na si wewe wa kwanza. Namba inayotajwa kwenye vituo vyetu ni RON, ambayo ni kipimo kimoja cha maabara cha oktani, yaani uwezo wa petroli kustahimili presha na joto bila kulipuka yenyewe. Namba iliyobandikwa kwenye pampu za Marekani ni wastani wa vipimo viwili, RON na MON, na kwa kuwa MON huwa chini, wastani huo hupungua kwa pointi nne au tano hivi. Kwa hiyo 93 ya Texas inakaribia 98 kwa hesabu yetu, na 93 yetu ingeandikwa kule 88 au 89. Kumbuka pia kwamba injini yako ilipangwa nchini mwake itumie petroli ya premiamu, ambayo kwa kiwango cha Japani haishuki chini ya oktani 96. Ukiwa bado hujabadilisha hata skrubu moja, gari lako tayari linakula chakula hafifu kuliko kile lililozaliwa nacho.

Petroli yenye oktani ndogo hulipuka yenyewe mapema, presha na joto vinapozidi ndani ya silinda, kabla ya moto wa plagi kuifikia. Mlipuko huo hugonga kichwa cha pistoni kama nyundo. Watu husema injini "imenoki" siku ambayo imekwisha kufa na inasubiri kushushwa. Noki ninayoizungumzia hapa huanza miezi kabla ya siku hiyo, na mara nyingi wewe dereva huisikii kwa sababu bomba la moshi la inchi tatu linapiga kelele. Kwenye meza ya gereji moja niliwahi kuonyeshwa plagi nne zilizotoka kwenye Subaru ya turbo iliyokuwa bado inatembea vizuri. Tatu zilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Ya nne, kwenye kauri yake nyeupe, ilikuwa na vitone vidogo vya kung'aa ambavyo fundi alinitaka nivitazame kwa kioo cha kukuzia. Zilikuwa chembe za alumini ya pistoni. Injini iliposhushwa, ukingo mwembamba unaoshikilia ringi ulikuwa umevunjika kipande cha ukubwa wa ukucha.

Sasa niingie kwenye swali lako la nini kifungwe kwanza. Bomba la kuvutia hewa ndilo ambalo vijana wengi hulifunga mwanzo, kwa kuwa ni jepesi kufunga na lina mlio mzuri, na mimi ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Ndani ya bomba la kiwandani kuna sensa yenye waya wa moto, ambayo hupima hewa inayopita kwa jinsi inavyoupoza waya huo, na kompyuta hufanya hesabu ikijua kipenyo cha bomba hilo. Ukitoka kwenye bomba la milimita 70 kwenda la milimita 80, eneo la mdomo wake linaongezeka kwa karibu asilimia 30. Hewa ileile itapita taratibu zaidi, waya utapoa kidogo, na kompyuta itaamini kwamba hewa imepungua ilhali haijapungua. Itamwaga petroli pungufu. Katika mwendo wa kawaida sensa ya oksijeni itasaidia kusahihisha, lakini ukikanyaga mafuta hadi chini, ambapo injini ya turbo huhitaji mchanganyiko wa sehemu 11 hivi za hewa kwa moja ya petroli kwa uzito, kosa kubwa kiasi hicho halina wa kulizuia. Ushauri wangu ni uliuze bomba hilo. Boksi la kiwandani la chujio linatosha kwa turbo uliyo nayo, na huvuta hewa ya nje badala ya hewa iliyochemka juu ya injini. Ikiwa moyo wako umelipenda mno, basi lifungwe siku ileile ya tyuni, lisitangulie hata kwa wiki moja.

Bomba la moshi ni ununuzi wa maana, kwa sababu turbo hupumua kwa urahisi pale moshi unapopata njia. Lakini moshi ukitoka kwa wepesi, presha ya turbo nayo huweza kupanda kupita ile kompyuta iliyokusudia, kwa hiyo nalo lisubiri tyuni. Chagua lenye kichujio cha moshi cha kupitisha kwa wingi, usilipeleke wazi kabisa. Harufu yake ndani ya foleni ya Mombasa Road utaijutia wewe na abiria wako.

Kabla ya yote hayo, fedha ya kwanza itoke kwa ajili ya kuipima injini yenyewe. Fundi apime kompresheni ya silinda zote nne, kisha ajaze hewa kila silinda na kusikiliza inavujia wapi. Abadilishe plagi, na kama hakuna karatasi inayothibitisha ni lini mkanda wa taimingi ulibadilishwa, uhesabiwe kuwa haujabadilishwa. Oili utazame mwenyewe kwa kijiti kila unapojaza petroli, kwani injini hizi hunywa oili kimyakimya, na kwenye kona kali ikiwa pungufu pampu huvuta hewa. Silinda moja ikionyesha udhaifu, safari ya tyuni iishie hapo hadi itengenezwe.

Tyuni yenyewe ifanywe na mtu aliyekaa na gari lako, akilitazama kwenye daino (mashine ya kupima nguvu ya gari) ya magurudumu manne au akiwa na kompyuta pakato kwenye kiti cha abiria, mahali palipo salama na pasipo na watu. Awe na sensa pana ya oksijeni, inayoonyesha mchanganyiko wa hewa na petroli, iliyofungwa kwenye bomba la moshi, na asome kila mara kompyuta inaporudisha nyuma cheche kwa kusikia noki. Tangi liwe na petroli ya kituo unachojazia siku zote. Mtu anayejaza petroli nzuri siku ya tyuni na ya kawaida siku nyingine zote anajidanganya mwenyewe.

Kuhusu Mombasa, mwambie fundi tangu mwanzo. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na presha ya hewa hapo ni kama bar 0.82, wakati pwani ni 1.01. Presha ya turbo ikishikiliwa kwa spring au vali ya kuzungusha kwa mkono ili geji isome bar 1.2, Nairobi injini inapokea jumla ya bar 2.02, na Mombasa, geji ikisoma vilevile 1.2, inapokea 2.21. Hiyo ni hewa ya ziada ya karibu asilimia tisa, ndani ya joto la pwani, kwenye kurasa za jedwali ambazo fundi wa Nairobi hajawahi kuzifikia. Kwa hiyo presha isimamiwe na kompyuta, kwa kipimo cha jumla kinachozingatia hewa ya nje, na majedwali ya juu yaachwe na akiba. Mara ya kwanza utakapoteremka, rekodi data kuanzia Voi na umtumie.

Farasi je? Kiwandani gari lako lilitangazwa kuwa na 308. Kwa turbo ileile, bomba la moshi na tyuni ya uangalifu, tegemea makumi, wala si mia, na utaziona zaidi katikati ya mizunguko kuliko kileleni. Karatasi ya daino ya Nairobi uisome kwa jicho kali: mashine nyingi huongeza usahihisho wa mwinuko ambao, kwa hewa ya Nairobi, hufika karibu robo, na usahihisho huo ulikusudiwa injini zisizo na turbo. Omba namba isiyosahihishwa, ya kabla na ya baada, siku hiyohiyo.

Kampuni yako ya bima nayo uiarifu kwa maandishi. Mabadiliko yasiyotajwa ni sababu nyepesi ya kukataliwa dai.

SWALI: Mimi nina Toyota Mark X ya lita 2.5. Nimeona kifaa cha kuchomeka chini ya usukani kinachodaiwa kuongeza nguvu. Kinafanya kazi? – *Msomaji, Dar es Salaam*

JIBU: Kinawasha taa. Injini yako haina turbo, kwa hiyo hata tyuni ya kweli ingekupa kidogo sana. Kwa kuwa petroli yake humwagwa moja kwa moja ndani ya silinda, vali za kuingizia hewa hazioshwi na hujenga masizi meusi kama ya sufuria ya mkaa. Mpe fundi azitazame na kuzisafisha, ubadilishe plagi na oili ya giaboksi, na fedha itakayobaki ununue matairi manne ya aina moja.