Sinywi pombe, haya mafuta kwenye ini yametoka wapi?

SWALI: Dokta shikamoo. Mi ni dereva wa daladala hapa Dar, nina miaka 41 na kilo 92. Nimepigwa ultrasaundi ya tumbo nikaambiwa ini lina mafuta, wakati pombe sijawahi kuonja. Kuna mtu ananiuzia mitishamba ya kusafisha ini, nichukue?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba ndugu yangu, pole kwa hofu. Hiyo mitishamba usinunue, nakuomba sana. Ini ndo linalosafisha mwili, na kuna mitishamba inayoliumiza kabisa, we utakuwa umelipa hela kuliongezea mzigo.

Mafuta kwenye ini hayaletwi na pombe peke yake. Kitambi, kisukari cha aina ya 2 na sukari nyingi yanatosha, maana sukari ikizidi mahitaji ya mwili ini linaigeuza mafuta. Na nyie madereva nawajua, umekaa kwenye usukani toka alfajiri, ukifika stendi unashushia chipsi mayai na soda baridi, na soda ya kola ya nusu lita ina karibu gramu 50 za sukari, hivo ni zaidi ya vijiko 10 vya chai! Anzia hapo. Maji tu. Juisi nayo punguza hata kama ni ya nyumbani, bora ule embe lenyewe. Wali au ugali uwe robo ya sahani, nusu iwe mchicha au matembele, robo inayobaki maharage au samaki asiyeogelea kwenye mafuta. Kahawa chungu bila sukari kunywa, ini linaipenda.

Habari njema ni kwamba mafuta haya yanapungua. Ukishusha asilimia 7 hadi 10 ya uzito, kwako ni kama kilo 6 na nusu hadi 9, hata kule kuvimba kwa ini kunakoletwa na mafuta hayo kunatulia. Ila taratibu, nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki, usijishindishe njaa maana kukonda ghafla kunaweza kulizidishia ini matatizo. Tembea harakaharaka nusu saa, siku 5 kwa wiki, hata kabla hujachukua gari.

Alafu usisubiri maumivu, ini huwa linaharibika kimyakimya mpaka linaota makovu. Pima sukari, presha, lehemu (mafuta kwenye damu), na homa ya ini B na C, ukikutwa huna B na hujawahi kuchanjwa omba chanjo. Macho yakiwa ya njano, tumbo likijaa maji au ukitapika damu, hospitali siku hiyohiyo.