Mtoto Ameshinda Taji la Vijana: Mwaka Unaofuata Afanye Nini?

Nimefundisha watoto chesi kwa muda mrefu, na baadhi yao wametwaa ubingwa wa rika lao. Mwaka uliowatesa haukuwa ule wa kulitafuta taji, bali ule uliofuata. Mtoto anarudi na kombe, kila mtu anampongeza, na tangu siku hiyo akikaa mbele ya ubao anaona ana kitu cha kupoteza. Anaanza kucheza kwa woga, anakubali sare za mapema, anakwepa mashindano magumu.

Ndiyo maana namwambia mzazi: mtoe kwenye mashindano ya rika lake. Asiyaache kabisa, lakini mengi yawe ya wazi, akutane na watu wazima waliomzidi. Wazazi huhofia kwamba pointi zake za FIDE, yaani zile ambazo shirikisho la chesi duniani hupimia nguvu ya mchezaji, zitaporomoka. Haya, tupige hesabu. Kijana wa chini ya miaka 18 ambaye hajafika pointi 2300 huhesabiwa kwa kigezo cha 40, namba inayoamua pointi zipande au zishuke kwa kiasi gani kila mchezo. Akifungwa na mtu aliyemzidi pointi 200, hupoteza kama 10 tu. Akitoka sare naye, anapata kama 10, na akimshinda anaondoka na 30. Sasa mwache acheze na wale aliowaacha nyuma kwa pointi 200. Akiteleza mchezo mmoja tu, 30 zimekwenda. Kumficha kwa wanyonge hakulindi hata hizo pointi zenyewe.

Lakini akipigwa huko kwa wakubwa, atajifunza ikiwa tu atakaa chini na kipigo chake. Wanafunzi wangu wakimaliza mchezo hawaruhusiwi kufungua programu ya kompyuta. Kwanza wanachukua karatasi ya mchezo na penseli, na pembeni ya kila hatua nzito wanaandika walichokuwa wakifikiri. "Hapa nilidhani farasi wake hana pa kwenda." "Hapa sikuangalia saa." Mara nyingi tunagundua kwamba kosa lilifanyika hatua tatu au nne kabla ya lile analojilaumu nalo. Programu itamwonyesha hatua bora kufumba na kufumbua, ila haijui kwa nini yeye hakuiona. Gukesh wa India, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 2024 akiwa na miaka 18, alikuzwa hivyo: kocha wake Vishnu Prasanna alimweka mbali na programu hizo mpaka alipofikia kiwango cha grandmasta, hadhi ya juu kabisa ya mchezaji wa chesi.

Na tafadhali, msimpangie mtoto tarehe ya kuwa bingwa wa dunia. Ubingwa wa dunia wa vijana chini ya miaka 20 ulianza mwaka 1951, na katika kundi la wazi, yaani lisilo la wasichana pekee, ni mabingwa wanne tu waliokuja kuushika ubingwa wa dunia wa wakubwa: Spassky, Karpov, Kasparov na Anand. Kasparov alitwaa taji la vijana 1980 na la wakubwa 1985. Spassky alishinda 1955, akangoja hadi 1969. Magnus Carlsen hakuwahi kulitwaa hilo la vijana. Naye William Lombardy, aliyeshinda michezo yake yote 11 ya ubingwa huo wa vijana mjini Toronto mwaka 1957, baadaye akawa padri wa Kikatoliki, na mwaka 1972 alikuwa Reykjavik, Iceland, akimsaidia Bobby Fischer kwenye pambano la ubingwa wa dunia. Mimi naona hayo ni maisha ya chesi yaliyofana.

Kuhusu shule, msimamo wangu ni mmoja: asiache masomo kwa sababu ya kombe la vijana. Suala hilo lijadiliwe atakapokuwa anapambana na magrandmasta na kupata matokeo, tena mara kwa mara, na yeye mwenyewe awepo kwenye mazungumzo.

Baada ya mashindano makubwa mpe likizo ya kweli, bila ubao wala mazoezi ya simu. Akianza mwenyewe kuulizia mchezo fulani aliofungwa, mwite kocha mwendelee. Akikaa kimya muda mrefu, usimsukume. Muulize taratibu kama bado anaupenda mchezo, kisha umsikilize bila kumkatiza.